Je, wajua? Karma haimfungi mtu kwenye kazi aliyonayo

Tapeli akitapeliwa, watu huandika mtandaoni "karma hiyo", kwa maana ile ile ya malipo ni hapa hapa duniani. Ukilichukua neno hivyo, aliyechoshwa na kazi yake atadhani Budha, mwalimu wa India ya kale aliyefundisha juu ya karma, angemwambia: tulia, unavuna ulichopanda. Mafundisho yenyewe hayasemi hivyo.

Karma ni neno la Kisanskriti, kamma kwa Kipali, lugha mbili za kale za India, na maana yake ni tendo tu. Tunda la tendo lina jina lake jingine, vipaka. Budha akaongeza jambo zito: alisema kwamba anachokiita karma ni nia. Matendo ya jana yana matunda yake, lakini nia ya leo ni ya leo, na nayo inapanda.

Tuna methali isemayo mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kaskazini mwa India ya zama za Budha, karne ya 5 hivi kabla ya Kristo, hayo yalikuwa madai mazito kuhusu watu: kuhani ni mtoto wa kuhani, mtumishi ni mtoto wa mtumishi. Vijana wawili wa kikuhani, Vasettha na Bharadvaja, walibishana juu ya hilo. Bharadvaja alishikilia kwamba ukuhani ni damu safi ya vizazi saba, baba na mama. Vasettha akasema ni mwenendo. Waliposhindwa kukubaliana walimwendea Budha.

Jibu lake nalipenda sana. Alianza na nyasi na miti, akaja kwa wadudu, ndege na samaki: hawa wana alama za kuzaliwa zinazotofautisha aina na aina. Kisha akamkagua binadamu, nywele, masikio, macho, mikono, na hakuona alama ya namna hiyo. Anayeishi kwa kulima ni mkulima, anayeishi kwa kuuza na kununua ni mfanyabiashara, anayeishi kwa kuchukua vya watu ni mwizi, na kila mmoja amekuwa hivyo kwa matendo yake. Dunia, alisema, inazunguka kwa matendo, na viumbe wameshikwa nayo kama gurudumu la gari linalokwenda lilivyoshikwa na msumari wake. Kama tendo ndilo lililokufanya mkulima, basi tendo jingine linaweza kukufanya kitu kingine.

Mfano ni Upali, aliyekuwa kinyozi wa ukoo wa Sakya. Wana wa wakubwa walipoondoka kwenda kuwa watawa walimvulia mapambo yao, wakamwambia arudi nayo nyumbani, yatamtosha kuishi. Njiani akaingiwa na hofu kwamba Wasakya watamuua wakidhani amewapoteza vijana wao. Akayatundika mapambo mtini, mwenye kuyaona ayachukue, akageuka kuwafuata. Wale vijana wakamwomba Budha ampokee kinyozi kwanza, ili wao, wenye kiburi cha ukoo, wawe wa kumwinamia. Budha alipofariki na watawa 500 wakakusanyika katika mji wa Rajagaha kuyahifadhi mafundisho, aliyeulizwa kanuni za utawa, moja baada ya nyingine, alikuwa Upali.

Lazima niseme na upande wa pili. Yapo mafundisho ya Kibudha yanayosema kwamba umaskini au utajiri wa mtu una mizizi katika matendo ya maisha yaliyopita, na wapo waliolitumia wazo hilo kuwanyamazisha wanyonge. B. R. Ambedkar, mwanasheria na mwanasiasa wa India aliyezaliwa katika jamii iliyoitwa najisi, aliingia dini ya Kibudha huko Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956 pamoja na maelfu kwa maelfu ya wenzake, lakini alikataa katakata kwamba dhiki ya watu wake ni adhabu ya maisha yaliyotangulia. Naona alikuwa na haki. Budha mwenyewe alimkatalia mtu mmoja, Sivaka, aliyemuuliza kama kila linalompata mtu linatokana na matendo ya zamani. Alimtajia sababu nyingine za maumivu: nyongo, kohozi na upepo wa mwilini, mabadiliko ya majira na mengineyo. Karma ikawa sababu moja tu kati ya nane. Kwa hiyo aliyeachishwa kazi kwa sababu kiwanda kimefungwa hana haja ya kutafuta kosa lake la kale.

Kuhusu kazi za kuachwa, Budha aliwatajia wafuasi wasio watawa biashara tano: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Kwa mwenye bucha anayesomesha watoto hilo ni gumu, nami silichukulii kirahisi. Ila inaonekana wazi kipimo ni nini: nani anaumia ili mimi nile?

Lakini kubadili kazi hakufuti yaliyopita. Angulimala alikuwa jambazi, muuaji aliyejivika mkufu wa vidole vya aliowaua, kisha akawa mtawa mpole kabisa. Siku moja akiomba chakula katika mji wa Savatthi alirushiwa bonge la udongo, fimbo na jiwe. Akarudi kwa Budha kichwa kinavuja damu, bakuli limevunjika, joho limechanika. Budha hakumwambia kwamba amekosea njia. Alimwambia avumilie, hayo ni matunda ya matendo yake.