Miaka 22 kati ya kutundika daluga na pensheni

Mchezaji wa soka anayeanza kulipwa mshahara akiwa na miaka 20 na kutundika daluga akiwa na 33 ana michango ya miezi 156 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, tena kama timu zake zote zilipeleka makato bila kuruka mwezi. Pensheni inadai miezi 180, na kustaafu kwa hiari huanzia miaka 55. Imebaki miezi 24 ya kujazia, na miaka 22 ya kula bila mshahara wa uwanjani.

Miezi hiyo 24 haina ugumu: endelea kuchangia kwa hiari. Ila kwanza chukua taarifa ya michango NSSF, uilinganishe na hati zako za mshahara, timu kwa timu. Makato kuandikwa kwenye hati si ushahidi kwamba yalifika, na timu ikishashuka daraja au kuuzwa, kuyadai ni safari ndefu.

Kazi iko kwenye ile miaka 22. Tuseme matumizi ya nyumbani ni 800,000 kwa mwezi. Kwa hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba) yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka (tumeichukua kama mfano tu), riba peke yake ikulishe, unahitaji mtaji wa milioni 80. Milioni 20 zitakupa 1,200,000 kila miezi sita, sawa na 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni ya ada na umeme.

Kuzinunua, fungua akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani zako, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kisha uingie mnada wa Benki Kuu kuanzia 1,000,000. Usifungie kila shilingi kwenye hatifungani ya miaka 25. Matumizi ya miezi 12, hapa 9,600,000, yakae panapotoka haraka, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja. Asiye na akiba hiyo, mzazi akiugua, huuza hatifungani kwa bei ya siku. Riba za soko zikiwa zimepanda, bei imeshuka.

Dodoma fedha za usajili hukimbilia viwanja vya kujenga. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Karatasi ya mtaa pekee haitoshi. Na kiwanja kitupu hakilishi mtu.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini nguzo, waya, maji na salfa hutangulia kilo ya kwanza. Panda mizabibu wakati mkataba wako wa soka bado una misimu miwili mbele, mshahara ulipie nguzo.