Jumuiya nyingi hukwama kwenye hatua ya sita

Tumsifu Yesu Kristo.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya majirani Wakatoliki wanaokutana kila wiki kusali, wakikutana, swali halibadiliki: tufanyeje ili watu waje? Wanaokuja ni akina mama walewale na watoto wao. Akina baba huonekana kwenye msiba, vijana huonekana wanapohitaji barua ya ndoa. Kabla ya kujibu, mimi huomba kwanza daftari la jumuiya. Mara nyingi lina kurasa za zaka, michango ya ujenzi, rambirambi na mahudhurio, lakini hakuna ukurasa unaoonyesha Neno la Mungu lililosomwa wiki iliyopita liliwatuma wanajumuiya kufanya nini. Mtu akiona kila akienda anahesabiwa na kuchangishwa tu, atatuma mchango wake kwa simu na kubaki nyumbani.

Jumuiya hazikuanzishwa ziwe madawati ya ofisi ya parokia. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaazimia kwamba maisha ya Kanisa katika ukanda wetu yajengwe juu ya vikundi vya majirani wanaofahamiana, na mkutano wao wa 1976 ukaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Baada ya Sinodi ya Afrika ya 1994, mkutano wa maaskofu kuhusu Kanisa la Afrika, Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka uliofuata kwamba ziwe jumuiya zinazosali, zinazosikiliza Neno, zinazotazama shida za watu kwa mwanga wa Injili, na zenye upendo unaovuka mipaka ya ukoo na kabila. Hayo yanahitaji saa moja kwa wiki iliyopangwa vizuri.

Njia ya kushirikishana Neno inayojulikana zaidi kwetu ni ya hatua saba, iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno na kukaa nayo, kunyamaza, kushirikishana, kutafuta kazi ambayo Neno linatutuma kuifanya, na kusali pamoja. Wengi wanaifahamu. Shida ni namna inavyoendeshwa.

Somo liwe Injili ya Dominika inayofuata, ili anayekuja jumuiya aende Misani akiwa ameshakutana na Neno hilo. Litumwe kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla. Siku yenyewe lisomwe mara mbili na wasomaji wawili tofauti, taratibu. Katika hatua ya tatu kila anayetaka hutaja neno au kifungu kifupi kilichomgusa, akikirudia mara tatu na kuacha kimya kidogo kati ya mara na mara. Hapa hakuna maelezo. Mwenye neno moja tu, "akamhurumia", ametoa mchango kamili, na ndiyo maana bibi asiyejua kusoma na kijana wa kidato cha nne wanakuwa sawa mbele ya Neno.

Ukimya wa hatua ya nne uwe dakika tatu kwa saa ya mkononi. Kiongozi asiyetazama saa huuvunja baada ya nusu dakika kwa kuanzisha wimbo, kwa sababu kimya kinamtisha.

Hatua ya tano huharibiwa na mahubiri. Utayatambua kwa "sisi Wakristo tunapaswa" na "watu wa siku hizi". Msalishaji asimkate mtu maneno, amuulize tu kwa upole, "Na wewe mwenyewe, baba, neno hili limekuambia nini wiki hii?" Anayeshirikisha aseme "mimi". Wengine wasimjibu, wasimsahihishe, wala wasimpe ushauri ambao hakuuomba. Kama kuna jambo la imani lililosemwa vibaya, katekista atazungumza naye pembeni baadaye. Na lililosemwa kuhusu nyumba ya mtu libaki hapo hapo. Jumuiya iliyovujisha siri mara moja itakaa muda mrefu ikisikia maneno ya juu juu tu.

Sasa hatua ya sita. Watu wameguswa, wamefunguka, na msalishaji anasema, "Basi tukaishi Neno hili, tusimame tusali." Jumuiya nyingi hukwama hapo. Tuseme Injili ni ya Msamaria mwema, Luka 10:25-37. Yule Msamaria alisogea karibu, akamfunga majeraha akiyatia mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Huruma yake ina vifaa, ina usafiri, ina kiasi cha fedha na ina siku ya kurudi. Kazi ya jumuiya iwe hivyohivyo. "Tuwakumbuke wagonjwa" haimtumi mtu yeyote. "Mama fulani na baba fulani wataenda kwa mgonjwa wetu Jumatano saa kumi na moja jioni, watapeleka uji, na watamuuliza kama anataka padre" inatuma. Kazi moja kwa wiki inatosha, na iwe ya watu wawili. Iandikwe katika daftari kwa safu nne: kazi, nani, lini, imeendaje. Kikao kinachofuata, kabla ya Neno jipya, safu ya nne isomwe. Mara chache za kwanza itakuwa tupu. Msiwalaumu waliopangwa, punguzeni ukubwa wa kazi.

Kazi ya wagonjwa inastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa padre huitwa akiwa amechelewa mno. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho. Mgonjwa anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee anaweza kuupokea, na ni vema aupokee akili ikiwa bado timamu, aweze kuungama. Wanajumuiya wamweleze paroko mambo matatu: nyumba ilipo, kama mgonjwa anaweza kuzungumza, na kama anaweza kumeza. Nyumbani waandae meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na glasi ya maji. Wabaki kusali pamoja naye, wakitoka tu wakati wa maungamo.

Kuhusu fedha na barua nitasema bila kuzunguka. Zaka na michango ni wajibu, lakini matangazo yake yaje baada ya sala ya kufunga, dakika tano tu. Barua ya jumuiya inamsaidia paroko kumfahamu anayeomba sakramenti. Isigeuzwe kuwa risiti. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inataka maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mwenyekiti anayekataa kuandika barua ya ubatizo kwa kuwa familia inadaiwa mchango wa ujenzi anafunga mlango ambao hakukabidhiwa ufunguo wake. Aandike ukweli anaoujua, kisha suala la deni azungumze na familia hiyo kwa heshima, siku nyingine.

Ukubwa nao una athari. Familia kumi hadi kumi na tano zinaenea kwenye sebule moja na zinafahamiana kwa majina. Zikifika thelathini, gawanyeni kwa mitaa, kabla watu hawajaanza kujificha katika wingi. Mijini wapangaji ndio wanaosahaulika zaidi. Wanahama kabla hata jumuiya haijajua kwamba walikuwepo.

Kwa jumuiya iliyolala, msianze kwa kuchagua viongozi wapya. Anzeni kwa kutembelea nyumba, wawili wawili, mwezi mzima, na daftari la michango libaki kwa mhazini. Waulizeni: nani mgonjwa hapa, mtoto gani yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza au Kipaimara, na siku gani na saa ngapi wengi wenu mnakuwa nyumbani? Majibu ya swali la mwisho yakusanywe na ndiyo yapange siku ya jumuiya. Pengine mtakuta Jumamosi alfajiri iliyozoeleka ndiyo iliyowafungia nje walinzi wa usiku, wauza soko na madereva, na kwamba Dominika saa kumi jioni wote wanaweza kuja.