"Nimalizie gemu kwanza, utafiti baadaye" na mengine ninayoyasikia kila muhula

Juzi kaingia mwanafunzi mwingine wa uzamili, anayeandika tasnifu kuhusu magemu. Mvua ya Mbeya imemlowesha hadi soksi, laptopu kaificha ndani ya koti, akaifungua mezani kwangu taratibu kama mtu anayefunua sahani ya pilau. "Shikamoo Dokta. Gemu limefika asilimia themanini. Nikilimalizia tu, naingia kwenye utafiti." Nikaitikia marahaba, nikatazama. Soko la Mwanjelwa lote limo: miamvuli, magunia, bajaji zinazopiga honi, hata mama wa ndizi na beseni lake. Nikamuuliza watu wangapi wameshalicheza. "Bado, Dokta. Halijawa tayari."

Huyo ni wa nne katika miaka miwili. Kwa hiyo naandika, ili wa tano asome kabla hajapanda ngazi za ofisi yangu.

Naelewa dhana hii ya "gemu kwanza" inakotoka. Kijana amesoma shahada ya kwanza ya kompyuta, na kule mradi wa mwaka wa mwisho ulikuwa ni kitu: mfumo wa maktaba, mfumo wa matokeo. Kikiwaka mbele ya jopo, umefaulu. Sasa amekuja uzamili na mazoea yaleyale. Jopo la uzamili litamuuliza amegundua nini ambacho jana hatukukijua, na kwa nini tumwamini. Gemu zuri lisilo na hitilafu hata moja linaweza kukaa kimya kabisa mbele ya swali hilo, na mchezo wa kadi za manila zilizochanika pembeni ukalijibu.

Mwaka 2004 watafiti wa magemu Robin Hunicke, Marc LeBlanc na Robert Zubek walieleza jambo ambalo nimelirudia hadi wanafunzi wanaliigiza kwa sauti yangu. Mbunifu anashika kanuni tu. Kanuni zikikutana na watu zinazaa mwenendo, na ule mwenendo ndio unaomwachia mchezaji hisia. Mbunifu anaingia kwa mlango wa kanuni, mchezaji anaingia kwa mlango wa hisia, na chumba cha katikati hakionekani mpaka mtu acheze. Ukikaa mwaka mzima bila kuchezewa gemu lako, umekaa mwaka mzima unakisia.

Wa pili kati ya wale wanne alitaka kujua kama gemu linaweza kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili faida na hasara. Mchezaji ananunua viazi Uyole, anapakia, anauza mjini. Alijenga kwa miezi 11. Siku ya kuwapa wanafunzi, hakuna aliyenunua hata gunia moja. Waligundua kwamba bajaji inaweza kupanda ngazi za soko, basi wakapanda na kushuka nazo dakika arobaini, wakicheka hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Mwanafunzi wangu alikaribia kulia. Alichokiona siku ile angeweza kukiona wiki ya kwanza, bila bajaji.

Nilimpa manila, kalamu ya wino na siku mbili. Kadi za bei ya gunia shambani, kadi za nauli, kadi za mvua iliyokata barabara, vizibo vya soda vikawa fedha. Nikamtuma aende Kabwe, kwenye kijiwe cha bajaji ambako drafti hailali. (Ushauri huu nautoa kwa kila mtu na nimeshachekwa sana kwa ajili yake. Wacheza drafti wa kijiweni ni wakaguzi wakali kuliko jopo lolote: kanuni ikiwa na tundu, wanalipata kabla hujamaliza kuieleza, na hawakuonei haya.)

Raundi ya kwanza iligoma. Mtu wa kwanza alitaja bei, wa pili akapunguza kidogo, wa tatu akafuata, na hakuna aliyepiga hesabu ya nauli wala ya gunia. Kwa nini ajisumbue, na bei ya jirani iko wazi mezani? Mwanafunzi wangu akageuza kanuni moja tu: kila mtu aandike bei yake kwa siri, zifunuliwe kwa pamoja. Hapo wakaanza kuombana kalamu. Mmoja akahesabia nyuma ya tiketi ya basi.

Tasnifu yake ilizaliwa pale kijiweni. Je, kuficha bei ya mpinzani kunamfanya mchezaji apige hesabu zaidi? Kuna kanuni mbili za kulinganisha, kuna kitu cha kuhesabu, na hakuna mwamvuli hata mmoja uliochorwa. Kompyuta ilikuja baadaye, ikiwa na kazi moja inayojulikana: kurekodi nani kafanya nini, na sekunde ngapi kabla ya kuandika bei.

Mdogo wa dhana hii, anayetembea nayo bega kwa bega, ni "wanafunzi wamelipenda, Dokta." Sawa, wamelipenda. Hata soda wanaipenda. Ingiza tableti kwenye darasa lolote la Rungwe au Kilolo, wiki ya kwanza utapata tabasamu la kujaza kurasa 40 za dodoso, na wiki ya sita ugeni umeisha. Ukidai gemu linafundisha, pima kabla, pima baada, na uwe na kundi jingine lililopewa muda uleule kwa chaki na ubao. Mfano uko hapahapa nchini. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka programu za kujifunzia za timu tano kwenye vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kwa Kiswahili, kwa muda wa miezi 15, watoto wakipimwa kusoma, kuandika na kuhesabu mwanzoni na mwishoni. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana tuzo ya kwanza kwa vile watoto walivyosonga mbele. Nani alichora wanyama wazuri zaidi, hakuna aliyeuliza.

Hesabu ya washiriki nayo inachanganywa. Kutafuta kasoro za ubunifu, watu watano kwa raundi wanafichua nyingi kati yake; Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, amelisema hilo miaka na miaka kuhusu majaribio ya watumiaji, na kijiweni naliona kila mara. Rekebisha, tafuta watano wengine. Kudai kwamba gemu linafundisha ni habari nyingine, na hapo watano hawakufikishi popote. Usinukuu Nielsen kwenye sura ya matokeo kujitetea. Nimeshaliona hilo, na sikulala vizuri.

Sasa yale mengine, kwa haraka.

"Laptopu yangu haitoshi." Alexey Pajitnov alibuni Tetris, gemu la kupanga matofali, mwaka 1984, Moscow, kwenye Elektronika 60, mashine isiyoweza kuonyesha picha, matofali yake aliyachora kwa alama za mabano. Injini ya Godot, programu ya kutengenezea magemu, ni ya bure, haidai mgawo wa mapato yako, na kwa gemu la pande mbili inakwenda kwenye kompyuta ambayo ndugu zako walishaikatia tamaa. Wanaotengeneza mandhari ya pande tatu kwa ajili ya tasnifu huwa wanakimbia swali lao, ndivyo ninavyowashuku.

"Mimi siyo mtu wa kodi (code, yaani kuandika programu), kwa hiyo siwezi kubuni magemu." Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wake wa ubao huko Marekani mwaka 1904, akikusudia kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyojilimbikizia mali. Mchezo huo ndio uliokuja kuzaa Monopoly. Kodi hapo iko wapi, zaidi ya kodi ya pango?

"Mimi ni mchezaji mkali, nitabuni vizuri." Mla ugali mzuri siyo lazima awe msongaji. Kaa nyuma ya mtu anayecheza, funga mdomo, andika kila mahali aliposita. Ukijikuta unamwambia "hapana, bonyeza hapa," andika hilo pia, kwa sababu hiyo ni kasoro yako.

"Fani hii haina machapisho." Jarida la Game Studies linatoka tangu 2001 na ni la bure kwa yeyote mwenye bando. DiGRA, chama cha watafiti wa magemu, kipo tangu 2003. Na kama unadhani wanasayansi wanatudharau, wachezaji wa Foldit, gemu la Chuo Kikuu cha Washington, walisaidia kupata umbo la kimeng'enya cha virusi fulani lililowashinda wataalamu kwa miaka, na matokeo yakachapishwa 2011.

Ninachokasirikia kwenye sura za mapitio ya machapisho ni jingine: hakuna bao. Kurasa 30 za Wazungu na Wajapani, na bao halipo hata kwenye tanbihi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Unaanza na kete 22 mkononi, unaziingiza mojamoja wakati wa namua, na zikiisha ndipo mnaingia mtaji, awamu ya kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu. Yaani mchezo mmoja wenye awamu mbili, kila awamu na kanuni zake. Na kwa anayeanza kuna bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, namua hakuna. Wazee walishatenga kiwango cha wanaoanza kabla umeme haujafika. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, wana bawo, ndugu wa bao hilohilo, na sijapata mwanafunzi hata mmoja aliyevuka Kasumulu kwenda kulinganisha kanuni. Nauli siyo kisingizio. Nimeshawaona wakivuka kwenda kununua sukari.

La mwisho, "ni mchezo tu, hakuna haja ya ruhusa." Wanafunzi wa sekondari ni watoto. Unahitaji barua ya chuo, ruhusa ya halmashauri na ya mkuu wa shule, ridhaa ya wazazi iliyoandikwa kwa Kiswahili wanachokielewa, na mtoto mwenyewe akubali. Gemu likirekodi majina au sauti, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tumia namba badala ya majina, na yasiyohitajika usiyachukue kabisa. Barua hizo zianze kutembea mapema. Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa Novemba, na kuanzia Oktoba hakuna mkuu wa shule atakayekupa hata kipindi kimoja, hata ukimpelekea parachichi za Njombe.