Doa la Miaka 30: Jinsi Vinasaba Vinavyofufua Majalada ya Mauaji

Kazi huanzia ghalani, si maabara. Mpelelezi anayefungua jalada la zamani hutafuta kwanza vielelezo: shati, kamba, vipande vya kucha. Kisha hutazama vilifungwa ndani ya kitu gani. Nguo iliyokaushwa vizuri na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi huweza kutoa vinasaba (DNA) hata baada ya miongo kadhaa. Iliyofungwa mbichi kwenye plastiki huota ukungu, na bakteria huikatakata DNA.

Miaka ya 1980 doa la damu lilihitajika liwe kubwa kama sarafu. Leo nanogramu 1 yatosha, yaani DNA ya seli 150 hivi. Mtaalamu hufuta doa kwa pamba yenye unyevunyevu au hukata kipande kidogo (akiweza, huacha kingine kwa vipimo vya baadaye), huchuja DNA, hupima kiasi chake, kisha huinakilisha kwa mizunguko 28 hivi, kila mzunguko ukikaribia kuzidisha nakala maradufu. Kinachosomwa ni idadi ya marudio ya vipande vifupi katika sehemu maalumu. Kanzidata ya Marekani ya vinasaba vya wahalifu na vya matukio ya uhalifu hutumia sehemu 20 tangu 2017, awali zilikuwa 13.

Sampuli kuukuu hujitambulisha yenyewe kwenye grafu ya matokeo: vilele vya vipande vifupi husimama, vya virefu hushuka mpaka kupotea. Dawa yake ni kunakili vipande vifupi zaidi.

Kanzidata isipotoa jina, husomwa alama laki kadhaa za DNA na kutafutwa ndugu wa mbali kwenye hifadhi za nasaba, ambako watu huweka DNA yao ili kutafuta ukoo. Ndivyo Joseph James DeAngelo alivyopatikana California mwaka 2018, kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980. Lakini ukoo huonyesha pa kupeleleza tu. Sampuli ya mshukiwa mwenyewe lazima ilinganishwe na ya eneo la tukio. Na hata zikilingana, zinaonyesha DNA ni ya nani, si kwamba ndiye aliyeua.

Unyeti huu una gharama. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye DNA yake ilijitokeza katika matukio yasiyohusiana. Mwaka 2009 ikabainika ilitoka kwenye pamba zenyewe za kuchukulia sampuli, zilizochafuliwa kiwandani. Zilikuwa zimetakaswa, ila utakasaji wa kawaida huua vijidudu bila kuondoa DNA. Kwa hiyo pamba ambayo haijagusa kitu hupimwa sambamba na kila kundi la sampuli, na vinasaba vya wafanyakazi wa maabara huwekwa kwenye orodha ya kulinganishia.