Shilingi 5, bei ya andazi

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa umma: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Mjomba wangu alikopa kwenye chama cha akiba akaenda kupanga foleni. Hoja yake ilikuwa moja tu: "Shilingi tano, bei ya andazi! Itashuka wapi tena?" Ilishuka. Mapema 2012 ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 3.

Dhana: hisa ya bei ndogo ni rahisi

Shilingi 5 haisemi kitu mpaka uulize hisa ziko ngapi. Safaricom ina hisa kama bilioni 40. Zidisha, upate bilioni 200: hiyo ndiyo bei ya kampuni nzima siku ile. Faida yake ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa takriban bilioni 14, kwa hiyo mjomba alilipia faida ya miaka 14 hivi. Si bei ya wizi, lakini si ya andazi pia. Mwaka uliofuata faida ikateremka hadi bilioni 10 na ushei.

Juni 2024 Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, iligawa kila hisa yake kuwa 10, na bei ikatoka dola 1,200 hivi hadi 120. Kuna waliodhani imekuwa nafuu. Nanasi ukilikata vipande kumi, bado ni nanasi lile lile.

Dhana: kampuni nzuri haiwezi kuwa na bei mbaya

Waulize walionunua Cisco Machi 2000, kwa dola 80 hivi. Kampuni haikufa, vifaa vyake vya mitandao viliendelea kuuzwa dunia nzima na mapato yakakua. Hisa ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake, na miaka 20 baadaye ilikuwa bado haijarudi pale.

Dhana: gawanya bei kwa faida, umemaliza

Kampuni changa mara nyingi haina faida ya kugawanyia bei. Amazon iliingia sokoni 1997, na mwaka wake wa kwanza wa faida ukawa 2003. Hapo tazama kasi ya mapato na fedha taslimu zinazobaki. Tazama pia kama kampuni inatoa hisa mpya kila mwaka kuwalipa wafanyakazi, maana kipande chako kinazidi kuwa chembamba.

Dhana: ilikuwa 44, ikashuka hadi 13, basi ni ya bure

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Agosti 2021 Safaricom ilifika karibu shilingi 44. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa bilioni 68.7, yaani shilingi 1.70 hivi kwa kila hisa. Mnunuzi wa 44 alikuwa analipia faida ya miaka 26.

Kisha mambo yakabadilika. Mtandao wake wa Ethiopia, uliozinduliwa Oktoba 2022, ukaanza kumeza mabilioni. Wawekezaji wa kigeni wakauza. Halafu kuna jambo ambalo watu husahau: mwishoni mwa 2023 hati za serikali za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa miezi mitatu, zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Ukipata asilimia 15 huku umelala, kwa nini ulipie faida ya miaka 26, ambayo ni kama asilimia 4 tu kwa mwaka? Hisa ikaangukia kwenye 13.

Kwa maoni yangu, shilingi 44 ilitaka kila kitu kiende sawa, Ethiopia ikiwemo. Shilingi 13 ilitaka tu M-Pesa iendelee kufanya kazi.

Mjomba hakuuza ilipokuwa 44, alikuwa anangoja 50. Simcheki, gawio (sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa) alilopokea miaka yote hiyo limeshapita zile shilingi 5 alizolipa, na deni la chama alilimaliza zamani. Lakini ukimuuliza leo hisa zake zina thamani gani, bado anaanza kwa kukutajia 44.