Modeli ya mageuko ya DNA: maana yake na jinsi inavyopimwa

Modeli ya mageuko ya DNA ni kanuni ya kihisabati inayoeleza besi moja, yaani moja ya herufi nne za DNA, A, C, G na T, hugeuka kuwa nyingine kwa kasi gani kadiri vizazi vinavyopita. Anayechora mti wa nasaba wa spishi huihitaji kwa sababu tofauti zinazoonekana baina ya mifuatano miwili ya besi ni pungufu ya mabadiliko yaliyotokea: A iliyogeuka G, kisha ikarudi kuwa A, haiachi alama yoyote. Kwa modeli ya Jukes na Cantor ya mwaka 1969, inayochukulia kwamba mabadiliko yote yana kasi sawa, mifuatano inayotofautiana katika nafasi 30 kati ya 100 hukadiriwa kuwa imepitia mabadiliko yapatayo 38.

Usawa huo ni nadra katika maumbile. Katika DNA ya mitokondria ya binadamu, A na G hubadilishana, vivyo hivyo C na T, mara nyingi mno kuliko jozi nyingine. Mwanajenetiki Motoo Kimura alitenganisha kasi hizo mwaka 1980; modeli ya HKY ya 1985 ikakubali pia kwamba viwango vya besi nne hutofautiana, na modeli ya GTR ikaipa kila jozi kasi yake.

Kila kigezo, yaani namba inayokadiriwa kutokana na data, kinachoongezwa huisogeza modeli karibu na data, hata pasipo sababu ya kibiolojia, kwa hiyo kipimo cha AIC hutoza gharama: idadi ya vigezo mara mbili, ukiondoa mara mbili ya logi ya uwezekano wa kuipata data hiyo chini ya modeli. Tuseme, juu ya mti uleule, HKY yenye vigezo 4 imepata logi ya −5,210, na GTR yenye 8 imepata −5,208. AIC zao ni 10,428 na 10,432. Ndogo ndiyo bora, hivyo HKY huchaguliwa.

Wengi huishia hapo, na nadhani ni mapema mno, kwa kuwa modeli iliyowashinda wenzake kwenye orodha yaweza bado isifae. Kuipima hasa ni kuitumia kuzalisha data bandia mara nyingi, kisha kuzilinganisha na data halisi. Ikiwa spishi halisi zinapishana sana kwa kiwango cha G na C, ilhali zile za bandia hazipishani, modeli imeanguka, na huenda mti umeziweka pamoja spishi zisizo na undugu wa karibu kwa sababu tu kila moja imelimbikiza G na C kivyake. Kuongeza jeni hakuponyi kosa hilo. Huupa tu mti usio sahihi takwimu za kuutetea.