Mwanga wa jua ndani ya mrija mwembamba

Tazama kanga iliyosahaulika kambani wiki nzima. Upande ulioelekea jua umechujuka, lakini ukiikunjua pale ilipojikunja, rangi ni ile ile ya dukani. Kilichovunja rangi ni mwanga.

Visiwani tunalitumia jua kwa joto lake: karafuu zinaanikwa Pemba, mwani unaanikwa Paje na Jambiani. Kazi yake ya pili, ya kuunda kemikali mpya, bado hatujaishika. Mwanakemia wa Italia, Giacomo Ciamician, aliizungumzia New York mwaka 1912, akiona mbele viwanda visivyo na moshi.

Kikwazo ni kwamba mwanga haufiki mbali. Tia rangi ya bluu kwenye ndoo ya maji, udondoshe sarafu: huioni. Vuta maji yale yale kwenye mrija wa kunywea soda, utaona hadi upande wa pili. Kwenye pipa, tabaka la juu peke yake ndilo linalofanya kazi. Ndiyo maana mitambo ya kuunda kemikali kwa mwanga hutumia mirija ya milimita moja hivi, pampu ikisukuma kimiminika polepole. Tena kinachokuwamo kwa wakati mmoja ni kidogo, na hilo ni kinga kubwa pale oksijeni inapokutana na vimiminika vinavyowaka.

Mfano unaonigusa ni wa malaria. Zanzibar ilianza dawa mseto mwaka 2003, na nguzo yake ni artemisinini. Mwaka 2012 huko Ujerumani, Peter Seeberger na François Lévesque walipitisha asidi inayotokana na mmea wa artemisia, pamoja na oksijeni, kwenye mrija uliozungushwa kwenye taa, wakapata artemisinini. Rangi maalumu ilipokea mwanga na kuiamsha oksijeni.

Taa ile ilikula umeme. Mwaka 2016, Timothy Noël na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walionyesha kifaa chenye umbo la jani, cha silikoni (aina ya mpira) nyekundu, chenye vijimifereji ndani. Jani hilo linakusanya mwanga wa jua na kuugeuza kuwa mwekundu, ule hasa unaonyonywa na methilini bluu, rangi ambayo nayo huiamsha oksijeni. Baadaye wakaongeza kitambuzi: wingu likipita, pampu inapunguza mwendo. Kwa masika yetu, naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko jani lenyewe.

Pemba tayari inakamua mafuta ya karafuu na mchaichai. Citroneloli, iliyomo kwenye mafuta ya jamaa wa mchaichai, huko viwandani hupewa oksijeni kwa mwanga, ikazaa kiungo cha manukato chenye harufu ya waridi. Hapo ndipo ningependa vijana wetu wa kemia waanzie: mrija, pampu ndogo, na paa linalopata jua.